Jitu la Chumba cha Mwisho

Nakusihi, wewe ambaye si mimi. Kama simu hii imeangukia mikononi mwako na umefika hapa, acha. Kama huwezi kuacha, basi soma ukiwa peke yako na ufunge mdomo. Usimsomee mtu. Usipige picha. Usitume kwenye grupu lolote. Nina kazi na ninaihitaji.

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Nimekwenda tena kwa Celine, Kawangware, kituo cha 46. Huwa natembea kutoka Kibera hadi kule, kwa kusudi. Huku Kibera kila mtu ananijua: Nashon, karani wa ofisi ya maji, yule wa shati lililopigwa pasi, anayeandika majina ya wanaotaka kioski cha maji kiunganishiwe bomba. Kule sijulikani. Au ndivyo ninavyojiambia.

Celine ana kompyuta chache kuukuu ndani ya chumba cha mabati. Skrini zimegeuka rangi ya chai. Wenye vibanda wengine wana mashine mpya, vijana wanacheza mpira. Yeye ana Koloni.

Koloni si jina lake. Ni neno ambalo mtu aliliandika kwa kalamu nene juu ya CD. Jina halisi liko kwa herufi za Kirusi, au za majirani wa Warusi, na gemu yote iko hivyo: maandishi, sauti, kila kitu. Ilitengenezwa karibu na mwaka niliozaliwa. Uko peke yako ndani ya kituo fulani mbali na dunia. Taa zinawaka na kuzimika. Wafanyakazi wamegeuka majitu. Una bunduki, na unaona mikono yako tu. Uso wako huuoni kamwe.

Maoni yangu, maana sina pengine pa kuyaweka. Kwa macho ni gemu mbaya. Nyuso ni bapa kama picha iliyobandikwa kwenye boksi. Sehemu za kuruka ni mateso — unaanguka kabla hujaruka! Mabomba ya maji yanaingia ukutani na hayatokei upande wa pili. Sisi wa ofisi ya maji huona mambo kama hayo. Lakini haikuonyeshi njia. Hakuna mshale, hakuna sauti ya kukuambia pita hapa. Na maiti hazipotei. Gemu za siku hizi ukiua mtu anayeyuka, barabara inabaki safi. Hapa unarudi kutafuta kadi ya kufungulia mlango, na unampita uliyemuua. Yuko palepale. Sijui kama hilo nalipenda. Naliheshimu.

Jambo lingine: majitu hayaoni vizuri lakini yanasikia sana. Ukichuchumaa na kwenda polepole unaweza kumaliza ukumbi mzima bila kufyatua risasi. Hivyo ndivyo ninavyocheza. Khamala, fundi wa kuchomelea vyuma, ananicheka kila mara.

"Buda, ulikuja vita ama ulikuja kupiga deki?"

Kwa kuwa hakuna anayejua lugha ya gemu, Opondo ndiye anayetusimulia. Siku za wiki anauza viatu Soko la Toi. Jumamosi anakaa juu ya kreti kwa Celine, maikrofoni mkononi, imeunganishwa na sabufa. Ni kama wale wanaotafsiri sinema kwenye vibanda vya video, ila yeye hana cha kutafsiri. Anatunga. Kila jitu analibatiza jina la mtu. Kuna kanjo, yule askari wa jiji, kuna makanga wa matatu, kuna mwenye nyumba anayekuja na kufuli. Ukilipiga, watu wanashangilia kana kwamba mwenyewe ameanguka.

Leo tumefika chumba cha mwisho. Jitu kubwa kuliko yote. Ukilijeruhi linakimbia, linajifungia kwenye chumba kidogo, linasimama likitazama ukuta na kunong'ona. Wengine walisema ni kosa la gemu, limekwama. Mimi nikacheka. Nikasema, "Kama Mkubwa wangu."

Opondo akashusha maikrofoni. "Mkubwa gani, omera, ndugu yangu?"

Nikamwambia. Kwamba bosi wangu, kabla ya kila mkutano, hujifungia ofisini na kujiambia maneno. Akauliza maneno gani. Nikayasema: Mukhwana, wewe ni mtu. Mukhwana, hawakuwezi.

Chumba kizima kiligeuka kunitazama. Walicheka hadi Celine akachungulia. Sijawahi kuchekesha watu wengi hivyo. Nilirudi nyumbani nikitabasamu njiani kama mjinga.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemtazama Mukhwana leo kama mtu anayenidai radhi. Hajui.

Ni mtu mnene, mrefu, sauti ya kanisani. Wenye vioski wanamwogopa. Akisema bomba litakatwa, linakatwa. Meza yangu imegusana na ukuta wa plaiwudi wa ofisi yake. Mimi huvaa spika za masikioni nikifanya kazi. Hazipigi wimbo wowote. Nazivaa ili nisiongeleshwe. Yeye anadhani sisikii. Ndiyo sababu hapunguzi sauti.

Mkutano ulikuwa saa nne. Dakika chache kabla, mlango ukafungwa. Nikasikia. Kisha akatoka, amenyoosha tai, akaniambia, "Nashon, leta ile faili ya mtaa wa Lindi." Nikaleta.

Jumamosi, 13 Septemba

Jina limeshika. Opondo hana haja ya kusema tena. Jitu likiingia kwenye chumba chake, watu wote wanaimba pamoja — Mukhwana, wewe ni mtu! — na kupiga mabati kwa viganja. Kwenye saluni ya Becky iliyo ukuta kwa ukuta, wanawake wanacheka na nyuzi za nywele midomoni. Mmoja aliuliza kwa sauti huyo Mukhwana ni nani. Khamala akajibu kupitia mabati: "Ni jitu la maji, sista! Linakata bomba!"

Nilicheza nikafa mapema.

Nilimwomba Opondo abadilishe jina. Hakunielewa. "Jina likishaingia kwa watu si langu tena. Na ni tamu, Karani. Hii ndio bora umewahi kutupea."

Kumbe ni mimi niliyetoa. Kila mtu anakumbuka.

Jumapili, 14 Septemba

Nilikaa na simu mchana kutwa. Nimeipata gemu hiyo mtandaoni. Kuna watu Ulaya, sasa wana mvi, ambao bado wanaandika habari zake. Wanalumbana kwa adabu: ile bunduki ya umeme ina nguvu mno au hapana, muziki wa ghorofa ya chini ulirekodiwa kwa feni halisi au la. Mmoja anasema hatua ya majini ndiyo mbovu kuliko zote. Nakubaliana naye. Unazama bila kujua pumzi imebaki kiasi gani. Mwingine anasema ni gemu ya kwanza iliyomfanya aone haya. Huyo nilimsoma mara mbili.

Mtu alitafsiri maneno yote kwa Kiingereza. Si hadithi ya Opondo hata kidogo. Wewe mchezaji hukuja kuokoa mtu. Umetumwa na kampuni kufunga kituo. Jitu la chumba cha mwisho alikuwa msimamizi wa pale. Ugonjwa ulipoanza kumla akili, alizoea kujifungia na kujitajia jina lake, ili asilisahau. Halijakwama. Wala si kosa la gemu.

Nimezima simu. Nimewasha tena kuandika haya.

Kama gemu, naona ni uamuzi mzuri wa watunzi. Hawakueleza kwa picha wala kwa machozi. Waliliacha linong'one, ukitaka usikilize, hutaki upige. Sisi hatukuwa na lugha, kwa hiyo tulipiga.

Jumatano, 17 Septemba

Sina hamu ya kula.

Mukhwana alikuwa kwenye simu ofisini, mlango umefungwa. Nilikuwa na spika masikioni. Nilisikia upande wake tu, lakini ulitosha. Alikuwa akizungumza na mkewe, Nekoye. Tunamwita Mama Lavender; nimemsalimia mara kadhaa akileta chakula cha mchana.

Nimeelewa hivi. Wanaishi Riruta. Riruta! Hatua chache tu na 46, na mimi sikuwahi kufikiria anakolala. Mama Lavender alisukwa kwa Becky Jumamosi. Ni yeye aliyeuliza Mukhwana ni nani. Wakati wa chakula akamwambia mumewe kama mzaha: leo nimesikia jina lako likipigiwa makofi. Mumewe akauliza walisemaje. Akamwambia.

Sasa Mukhwana anamuuliza yeye; huenda hata nyumbani hujifungia na kuyasema.

"Hayo maneno yametoka wapi? ... Hapana, usiniambie saluni. Nani anajua hayo maneno? Niambie wewe. Nani mwingine yuko kwa hiyo nyumba?"

Kisha akasema, polepole kabisa, kwamba mtu akilala na wewe miaka yote halafu akakuuza kwa watoto wa mtaa, hujui tena umelala na nani.

Niliendelea kuchapa. Nilichapa herufi moja kwa muda mrefu, mstari mzima. Nikaufuta.

Alhamisi, 18 Septemba

Mama Lavender amekwenda kwao Kimilili. Mlinzi wa lango ameniambia. Alimsikia Mukhwana akimwambia dereva ampeleke kwenye basi na mizigo. Mizigo yote, alisema mlinzi, hata cherehani.

Mtu akienda nyumbani kusalimia hachukui cherehani.

Saa ya chakula nilikimbia hadi Toi kumtafuta Opondo. Alikuwa anamvisha mama mmoja kiatu. Nilimweleza yote nikiwa nimechutama kando ya lundo la raba.

"Omera," akasema. "Wewe ndio umemwachisha mtu bibi?"

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

Opondo akakuna shingo. Akaahidi Jumamosi jitu litakuwa halina jina. "Lakini wewe enda kwa huyo mzee umwambie. Hiyo si ya maikrofoni. Hiyo ni yako."

Nilirudi kazini. Mukhwana alikuwa mlangoni, nikadhani ameniona nikikimbia. Akaniuliza tu kama nimekula.

Ijumaa, 19 Septemba

Ameniita ndani. Nilidhani kazi yangu imeisha.

Ofisini kwake kuna kioo kidogo nyuma ya koti. Nilikuwa sijawahi kukiona, nilikuwa nasikia tu maneno. Nilijitahidi kutokitazama.

Akasema: "Nashon, wewe ni kijana msomi. Huongei ovyo. Unajua mambo ya hizi gemu?"

Nikasema kidogo, Mkubwa.

"Kuna pahali Kawangware wananitusi. Wanacheza gemu, eti mimi ndio shetani wao. Nataka kuona kwa macho. Siwezi enda peke yangu, sitajua natazama nini. Kesho tutaenda na wewe. Hakuna haja ya watu wa hapa kujua."

Ningesema pale. Maneno yalikuwa mafupi: ni mimi. Mdomo ulifunguka, nikajisikia nikisema, "Sawa, Mkubwa. Saa ngapi?"

Nimewatumia Opondo na Celine ujumbe. Opondo amejibu kwa herufi mbili: OK. Celine ameuliza mzee atakunywa soda gani.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika nikiwa nyumbani, bado kuna mwanga. Nitajaribu kuyaweka yalivyofuatana.

Alivaa kofia na koti la kawaida. Bila tai alionekana mdogo. Celine akamkaribisha, akamfutia benchi kwa kanga, akampa Fanta. Watu hawakumjua. Waliona mzee fulani, pengine baba wa mtu. Mimi walinijua, bila shaka, na nilikuwa nikifa kwa kila "Niaje, Karani" iliyorushwa. Mukhwana akaniangalia.

"Wanakujua?"

"Huwa napita hapa mara nyingine, Mkubwa."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza zaidi. Sijui hata sasa kama aliwaza.

Khamala ndiye aliyekuwa akicheza. Anacheza vibaya, anapenda kuchoma milango yote kwa ile mashine ya cheche ya gemu, hata iliyo wazi, kisha analalamika kwamba cheche zinaruka upande usio sahihi. Opondo alisimulia kwa upole, kama mtu aliye msibani. Walipofika chumba cha mwisho akasema, "Na sasa, ndugu zangu, jitu hili leo halina jina."

Kisha mtu nyuma akasema, "Wacha uongo! Ni Mukhwana!"

Na wote wakaimba. Opondo akapunga mikono, akazima maikrofoni. Haikusaidia kitu. Walipiga mabati. Upande wa saluni wakajibu.

Khamala akageuka, akamwona mgeni hacheki, akamwonea huruma. "Mzee, hujashika story? Huyo ni mkubwa wa maji huko Kibera. Mtu mbaya, lakini anajiogopa. Ona, ameingia kwa room yake. Sasa anajibembeleza. Sikiza!"

Skrini ikanong'ona kwa lugha ile tusiyoijua.

Mukhwana aliuliza, kwa adabu, "Nani alikuambia anajibembeleza?"

"Kila mtu anajua," akasema Khamala. Aliyasema kwa furaha tu. Hakuna ubaya ndani yake.

Nilimtazama Opondo. Opondo alitazama viatu vyake. Celine alinitazama mimi. Pale pia ningeweza kusema. Nilikuwa nahesabu watu walio kati yangu na mlango.

Kisha Mukhwana akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akaweka chupa chini. "Nipishe kidogo, kijana," akamwambia Khamala. "Nionyeshe mahali pa kubonyeza."

Wakashangilia. "Wacha mzee ajaribu! Mzee, ukishindwa unanunulia watu mandazi!" Vidole vyake vilikuwa vikubwa mno kwa kibodi. Aligonga kuta. Aliangalia dari kwa muda bila kujua namna ya kushuka. Khamala alimshika mkono juu ya kipanya kama mtu anayemfundisha mwanawe kuandika. Wakafika kwenye chumba kile kidogo. Jitu lilikuwa limesimama, mgongo kwetu, uso ukutani.

"Sasa piga," akasema Khamala.

Hakupiga.

"Mzee, piga! Litageuka!"

Alikaa tu. Skrini ilimwangaza uso. Alikuwa akisikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu niijue gemu hii, mtu alisikiliza hadi mwisho. Nikagundua kwamba mnong'ono una mwisho, hurudia, huvuta pumzi katikati. Kisha jitu likageuka, likamuua. Skrini ikawa nyekundu. Watu walicheka hadi benchi likatikisika.

"Sawa," akasema. Akainuka. Akamlipia kila mtu mandazi. Akamshukuru Celine.

Nilimsindikiza kuelekea Riruta. Hakusema lolote hadi karibu na kona ya kwao. Hapo akasimama.

"Nilitaka kuwa na hakika. Kuna watu wanaweza kubahatisha jina. Maneno hayabahatishwi." Akavua kofia. "Ni Nekoye. Hakuna mwingine. Nitaongea na wazee wa kwao, tumalize hii maneno vizuri, bila makelele."

Akaniambia asante kwa kumsindikiza. Akasema mimi ni kijana wa kuaminika.

Nilisema, "Usiku mwema, Mkubwa." Ilikuwa saa kumi jioni! Jua lilikuwa bado juu.

Jumapili, 21 Septemba

Sikuenda kanisani.

Nimejaribu kuandika ujumbe kwa Mukhwana. Nimeandika "Mkubwa" na kuacha. Nimeandika "Nisamehe" na kufuta, kwa sababu atauliza kwa lipi, na jibu haliingii kwenye ujumbe.

Woga wangu ni huu, niuweke kama ulivyo. Si kupigwa. Hapigi watu. Kazi, ndiyo. Nilisoma hadi chuo, na nilitafuta kazi hii muda mrefu kuliko nilivyosoma. Lakini hata kazi si yote. Naogopa uso wake atakapojua kwamba nilikuwa nikisikia siku zote, na spika masikioni.

Gemu haina sehemu ya kusema. Hilo pia ni maoni. Vitufe vyote ni vya kupiga, kutembea, kufungua mlango, kuchuchumaa. Wale wenye mvi huko Ulaya waliwahi kuuliza kama kuna njia ya kuzungumza na jitu. Walitafuta miaka. Hakuna.

Jumatatu, 22 Septemba

Simu ya ofisi imelia Mukhwana akiwa nje, amekwenda kukagua tangi. Nikapokea. Sauti ya mwanamke, na jogoo nyuma yake.

"Huyo ni Nashon? Ni mimi, Mama Lavender. Baba Lavender yuko?"

Nikasema hayupo.

"Hashiki simu yangu. Mwambie tu nimepiga. Mwambie wazee wamenipigia, na mimi sijui nimekosa nini. Si umwambie hivyo, mwanangu?"

Nilisema ndiyo. Kisha nikasema, "Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Nikamweleza. Kwa haraka, bila vituo, mkono umekinga mdomo. Gemu, jitu, kicheko, Opondo, mabati. Kwamba maneno yale ni mimi niliyeyatoa, yeye hakuyatoa.

Hakulia wala hakunitukana. Kisha akauliza jambo ambalo bado sijalimaliza kichwani.

"Kwani ni kweli? Hayo maneno anajiambia kweli?"

Hakujua! Alidhani ni matusi tu ya vijana. Alirudia alichosikia ukutani, na mumewe akamtupa nje kwa sababu ya siri ambayo hakuwahi kuijua.

"Ndiyo, Mama. Kabla ya mikutano."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoajiriwa. Labda kabla."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Miaka yote nimempigia pasi hizo tai," akasema. "Nilidhani anapenda mikutano."

Na hapo nikaona nimefanya tena. Nimeitoa siri ya Mukhwana kwa mtu mwingine, safari hii kwa mkewe, kwa nia njema.

Akaniambia anapanda basi. Kesho asubuhi atakuwa ofisini, si nyumbani, kwa sababu nyumbani kufuli imebadilishwa. "Wewe utamwambia ya kwako. Mimi sitakutaja, sikulelewa hivyo. Lakini pia sitaomba msamaha kwa kitu sikufanya. Kama hutasema, nitakaa hapo kwa benchi hadi useme."

Jumanne, 23 Septemba

Amekuja. Yuko kwenye benchi la wageni, kati ya wenye vioski wawili, mkoba magotini, vumbi la safari kwenye viatu. Ameniitikia kwa kichwa kama mtu ambaye hatujawahi kuongea naye. Ameomba maji, nimempa.

Mukhwana yuko ndani. Hajui kwamba mkewe amefika. Mlinzi alitaka kumwambia, Mama Lavender akamkataza.

Kuna mkutano leo na watu wa mtaa wa Laini Saba. Wameshaanza kufika. Mlango wake umefungwa. Nimevua spika na kuziweka kwenye droo. Hakuna ninachosikia. Tangu Jumamosi hajiambii lolote. Anaingia, anafunga, na kunakuwa kimya, kisha anatoka akiwa na jasho. Jana kwenye mkutano alisahau jina la mwenyekiti. Watu walitazamana.

Mama Lavender amesimama. Amenisogelea mezani. Anasema kwa sauti ya chini, "Hicho chumba ni kidogo sana. Anakaa humo peke yake?"

Nimesema ndiyo.

"Basi enda."

Ninaenda. Naandika hii nikiwa nimesimama, mkono mmoja kwenye kitasa. Sidhani nitarudi kwenye kiti hiki, kwa hiyo, wewe uliyesoma hadi hapa, nikuambie nitakapopatikana. Usipige simu ya ofisi. Nyumba yangu pia uiache, huenda nisiweze kuilipia. Njoo Toi, upande wa viatu, umuulize Opondo, umwambie unamtaka Nashon. Akiwa hayupo, nenda 46, saluni ya Becky, mlango unaofuata, umwachie Celine neno. Njoo mchana. Ukituma ujumbe, andika jina lako lote, mimi sijibu namba nisizozijua.

Na kama ni Mkubwa mwenyewe anayenitafuta, basi hahitaji kupitia kwa mtu. Apige saa yoyote. Sitazima simu. Akinyamaza, nami nitanyamaza, nitangoja hadi... Mlango unafunguka.